Mbwa wawili, sahani mbili

Hapa Kamanyola wengi tunamwaga bugali iliyobaki pahali pamoja, mbwa wote wagombanie. Dume njo anamaliza. Ndiyo, analinda depo ya mahindi usiku, lakini yeye hanyonyeshi. Jike mwenye watoto wa wiki tatu au ine anahitaji mara mbili mpaka tatu ya chakula chake cha kawaida. Akikosa, maziwa yanapunguka na watoto wanaanza kufa. Funga kwanza dume. Jike umupe bugali na ndagala zilizopikwa bila chumvi wala kitunguu, mara tatu kwa siku, na maji karibu. Dume, mara mbili inatosha. Mahindi yaliyoota ukungu usimupe hata mmoja: sumu yake inaharibu ini. Usiyatupie kuku pia.