Neno "Fazaa" na Maana Zake

Miongoni mwa maneno tuliyoyapokea kwa Waarabu ni hili neno fazaa. Vitabu vingi siku hizi huliandika fadhaa, lakini asili yake ni kwa herufi ya zai, wala si kwa dhali. Katika Kiswahili chetu maana yake ni mshituko umpatao mtu kwa ghafula hata asijue la kufanya. Mtu abishiwaye hodi usiku wa manane, au aletewaye khabari kwamba chombo cha mwanawe hakijaonekana bandarini, huyo ameingiwa na fazaa.

Imamu Ar-Raghib Al-Isfahani amelipambanua neno hili na khofu. Yafaa kusema mtu amemkhofu Mwenyezi Mungu, na hiyo ni sifa njema; bali haisemwi kuwa amefazaika na Mungu, kwani fazaa ni moyo kusinyaa na kutaka kukimbia. Nasi twauliza: atakimbilia wapi?

Katika Qurani neno hili na matawi yake yamekuja mahali sita. Yaliyo mashuhuri ni ya Siku ya Kiyama: Sura ya An-Naml, aya ya 87, litakapopulizwa baragumu, na ya 89, wenye mema watakaposalimika. Fazaa iliyo kubwa kupita zote imetajwa katika Al-Anbiyaa, aya ya 103. Lakini katika Sura ya Saad, aya ya 22, aliyefazaika ni Nabii Daudi, watu walipomrukia ukuta wakamwingilia mihirabuni. Basi kushituka si dhambi, wala si upungufu wa imani. Na katika Sura ya Sabaa, aya ya 23, neno limegeuzwa umbo likawa na maana ya kuondolewa fazaa moyoni.

Maana nyingine ya Kiarabu sisi tumeiacha njiani. Kufazaika kwao ni pia kukimbilia kwa mtu kutaka msaada, na ni pia kutoka mbio kwenda kumsaidia aliyepiga ukelele. Watu wa Ghuba hata leo huuita faza'a msaada wa namna hiyo. Bukhari amepokea kwa Anas kwamba watu wa Madina walifazaika usiku mmoja kwa sauti waliyoisikia. Walipotoka kuifuata, walikutana na Mtume (S.A.W.) anarudi, amekwisha kuwatangulia juu ya farasi wa Abu Talha asiye na tandiko, upanga shingoni, akiwatuliza wasiogope.

Tena jua lilipopatwa Madina siku aliyokufa mwanawe Ibrahimu, mwaka wa 10 wa Hijra, watu walisema limepatwa kwa ajili yake. Mtume aliyakataa maneno hayo, akawaamrisha waonapo hayo wakimbilie sala. Kitenzi alichotumia ni hiki hiki cha fazaa.

Sasa tutazame miji yetu. Mtoto akishituka usingizini, wangapi kati yetu hukimbilia kwa mwandika hirizi kabla hakujapambazuka? Hali Abu Daud na Tirmidhi wamepokea dua ya mwenye kufazaika usingizini, ya kujikinga kwa maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyotimia. Wenye kutetea hirizi hushika mwisho wa hadithi hiyo, kwamba Abdallah bin Amri aliiandika akawavika watoto wake wasiokuwa na akili bado. Khabari hiyo imekuja kwa njia ya Muhammad bin Is-haka, naye hapa hakubainisha kuwa ameisikia mwenyewe. Na hata tukiikubali, ni kitendo cha Sahaba kwa watoto wasioweza kusoma; mtu mzima mwenye ulimi wake hapati hoja humo. Katika khabari hiyo hiyo imetajwa kwanza kwamba wanawe waliokwisha kupata akili aliwafundisha dua waisome wenyewe. Sehemu hii wauza hirizi hawaitaji.