Wasomaji Wengi, Wanachama Wachache

Wanafunzi wa shule yetu huniuliza mara nyingi: je, mtu aweza kupata riziki yake kwa kuandika hadithi, kuimba, kuchekesha au kufundisha katika mtandao? Swali hili ni jema. Wapo miongoni mwao wenye vipawa hasa, na baada ya mtihani wa Kidato cha Nne watarudi majumbani, simu mkononi na kazi hawana. Jibu langu ni kwamba yawezekana, lakini yafaa kwanza tujue jambo moja: kuwa na watu wengi wanaokutazama si sawa na kuwa na watu wanaokulipa. Katika somo hili nataka kueleza jinsi kundi la kwanza linavyogeuka kuwa la pili.

Tofauti yao

Watazamaji ni kama watu wanaosimama kando ya ngoma. Wanacheka, wanapiga makofi, kisha wanakwenda zao, hawana wanalokudai. Wanachama ni watu wa namna nyingine. Mfano wao tunao hapa Ruponda katika chama cha msingi cha mazao. Mkulima akipeleka korosho au ufuta wake ghalani, mzigo hupimwa mbele yake, naye hupewa stakabadhi. Siku ya mkutano husimama na kuuliza. Ana haki ya kuuliza kwa sababu mali yake imo humo.

Basi anayekulipa katika mtandao naye ni hivyo hivyo. Siku aliyotuma shilingi yake ameacha kuwa mpita njia; sasa anakudai. Fedha ya mwanachama ni deni, na kazi yote ya kujenga jumuiya inayolipa ni kazi ya kulipa deni hilo kwa wakati.

Jambo hili si geni

Mtu asidhani kwamba mambo haya yameletwa na simu. Katika taarabu, tangu zamani, msikilizaji aliyeguswa huinuka akamtunza mwimbaji mbele ya watu. Hapo hakulipia kiingilio tu. Amejionyesha kuwa ni mmoja wa wenye shughuli.

Tena tulitazame gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923. Lilikuwa la serikali, lakini wasomaji walilifanya kuwa lao kwa kupeleka barua, habari za miji yao na mashairi. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa mmoja wa waliopeleka mashairi humo. Msomaji aliyeona jina la mji wake katika ukurasa alikuwa na sababu ya kulitafuta gazeti la mwezi uliofuata. Tulishike funzo hili, maana tutalihitaji mbele.

Namna ifanyikavyo leo

Mwaka 2008 Mmarekani aitwaye Kevin Kelly aliandika kwamba msanii hahitaji mamilioni ya watu. Akiwa na wapenzi 1,000 wa kweli, na kila mmoja akimpa dola 100 kwa mwaka, atapata dola 100,000. Mwaka 2013 mwanamuziki Jack Conte, pamoja na Sam Yam, wakaanzisha Patreon, mahali katika mtandao ambapo mpenzi wa kazi ya mtu humlipa moja kwa moja. Conte alikuwa ameona kwamba video zake zatazamwa na watu wengi, lakini fedha ya matangazo hailingani na gharama ya kuzitengeneza.

Kwetu mlango ulifunguliwa na fedha za simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Kwa njia hiyo mtu asiye na akaunti ya benki aweza kumtumia mwandishi wa mbali shilingi 500 au 1,000. Waandishi wetu wa simulizi wakaitumia. Mwandishi hutoa sehemu za mwanzo bure katika Facebook. Hadithi ikifika penye utamu husimama, akaandika namba yake ya simu. Anayetaka kuendelea hutuma fedha, kisha huingizwa katika kundi la WhatsApp ambamo sehemu zilizobaki hutolewa.

Hesabu yake

Tuseme mwandishi ana wasomaji 5,000, na katika kila 100 wawili wamekubali kulipa shilingi 1,000 kwa mwezi. Atakuwa na wanachama 100, na mapato ya shilingi 100,000. Humo atatoa kifurushi cha intaneti na makato ya kutoa fedha kwa wakala.

Sasa tuseme kila mwezi wanachama 10 wanaondoka, na hapana wapya. Baada ya miezi mitano watabaki 50, na mapato yatakuwa nusu, ingawa wasomaji wa bure ni wale wale 5,000 na sifa ni ile ile. Kwa hiyo anayehangaika kuongeza watazamaji huku wanachama wanamtoka ni sawa na mtu ajazaye maji katika mtungi uliotoboka.

Mambo yanayowashika wanachama

Kwanza, ratiba. Ukisema Jumanne na Ijumaa, iwe Jumanne na Ijumaa. Heri kuahidi sehemu moja kwa wiki ukaitoa, kuliko kuahidi tano ukatoa tatu.

Pili, cha bure kiendelee kuwa kizuri. Hicho ndicho kinacholeta watu wapya, na anayekuta ovyo mlangoni hatalipa aingie ndani.

Tatu, wanachama wapewe nafasi. Waulizwe maoni, majina yao yatajwe kwa ridhaa yao, kazi zao zisomwe. Wakishajuana wao kwa wao, kundi litawashika hata wiki ambayo hadithi si tamu sana. Hili ndilo funzo la Mambo Leo.

Nne, malipo yafuate maisha ya walipaji. Hesabu ya Kelly yawafaa watu wa mshahara. Huku kwetu fedha huja kwa misimu: ufuta katikati ya mwaka, korosho kuanzia Oktoba. Anayetafuta wanachama vijijini afikirie malipo madogo kwa kila hadithi, au malipo ya mara moja wakati wa msimu, kuliko ada ya kila mwezi ambayo Machi itamshinda mkulima.

Tano, daftari. Andika nani amelipa, lini, na anastahili nini.

Hatari zake

Mimi mwenyewe niliwahi kulipa shilingi 1,000 ili nisome simulizi iliyoahidiwa sehemu 40. Ilifika ya 18 ikanyamaza. Tulipouliza, tuliondolewa katika kundi mmoja mmoja. Shilingi 1,000 si nyingi, lakini tangu hapo nimesikia wengi wakisema kwamba waandishi wote wa mtandaoni ni wezi. Kwa hiyo aliyetuacha hakujiharibia peke yake. Aliwafungia mlango vijana waaminifu ambao bado hawajaandika hata mstari mmoja.

Tena msomaji anayenakili sehemu za kulipia na kuzigawa kwa wengine naye ni mwizi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 humlinda mwandishi.

Kwa wazazi nasema hivi: msimkataze kijana kwa sababu tu kazi hii ni ya simu, wala msimpe fedha ya korosho kwa maneno matupu. Mwulizeni akuonyesheni kazi aliyokwisha kuimaliza.

Nanyi wanafunzi, kabla ya kuomba hata shilingi moja, andikeni hadithi nzima mpaka mwisho. Wasomeeni watu kumi bure, kila wiki, siku ile ile, kwa muhula mmoja. Wakibaki kumi, au wakawa kumi na watatu, mmekwisha kuijua kazi.

Mazoezi

1. Mwandishi ana wanachama 80 wanaolipa shilingi 500 kila mmoja. Gharama zake ni shilingi 12,000. Amebakiwa na kiasi gani?

2. Eleza kwa maneno yako kwa nini mpita njia hana haki ya kudai, na mwanachama anayo.

3. Andika ratiba ya wiki nne ya kazi ambayo una hakika utaitimiza.