Je, Kuonyesha Ubaya Ni Kuueneza?

Mmoja katika wasomaji wetu ametuletea suali ambalo twaona yafaa kulijibu kwa urefu, kwani si lake peke yake. Asema kuwa kijana wake wa miaka 17 alipata mchezo wa televisheni wa zamani kutoka Kanada, uitwao North of 60, akaufungua sebuleni, na watu wa nyumba wakaketi kuutazama. Ndani yake mna ulevi, mna ugomvi wa majumbani, mna watu wanaojiua. Yeye akainuka akauzima. Mkewe akamwambia, "Baba fulani, umezima kabla hatujajua kwa nini yamewafika haya." Hapo wakakhitilafiana, na mtoto wao mdogo wa miaka 9 yupo pale pale asikiliza. Atuuliza: je, mchezo kama huu ni wa kufukuzwa nyumbani?

Twasema: kitu hakihukumiwi kabla hakijajulikana. Basi na tukijue kwanza.

Mchezo huu ulionyeshwa na shirika la utangazaji la Kanada, CBC, tangu mwaka 1992 hata 1997, nao una sehemu 90. Baadaye zikafuata filamu tano, ya mwisho mwaka 2005. Jina lake lamaanisha nchi iliyo juu ya mstari wa 60 wa latitudo, ambao ndio mpaka wa kusini wa Northwest Territories. Huko umewekwa mji mdogo wa kubuniwa, Lynx River, na wenyeji wake ni Wadene, watu wa asili wa sehemu hizo, walioishi kwa kuwinda, kutega na kuvua samaki tangu kabla Mzungu hajazijua nchi zile. Mwenye kuongoza mchezo ni Michelle Kenidi, mwanamke wa Kidene aliye askari polisi, naye mwenyewe aliwahi kuwa mlevi kisha akaacha. Nduguye Peter ni mkuu wa watu wake. Na katika mji huo huo yupo Albert Golo, muuza pombe ya magendo, ambaye hakuwa mgeni wala mvamizi, bali ni mtu wa mji, ajulikanaye na kila mmoja, asalimiwaye njiani. Jambo hili la mwisho twaliona ni la kweli mno. Mara nyingi mwenye kuwaharibu vijana wa mtaa ni mtu wa mtaa.

Sasa, mtazamaji akikaa nusu saa tu akaona mlevi ameanguka thelujini, huondoka na nini? Huondoka akisema, "Watu hawa ndivyo walivyo." Na hii ndiyo khatari kubwa kuliko kuiona chupa yenyewe. Bwana muulizaji amekhofia kwamba mwanawe ataiga ulevi. Sisi twakhofia zaidi kwamba ataondoka na dharau juu ya umma mzima asioujua. Dharau ni maradhi yasiyonuka kinywani, wala mzazi hayagundui upesi.

Kwani hao hawakuanguka wenyewe. Kwa zaidi ya miaka 100 serikali ya Kanada, ikishirikiana na makanisa, iliwachukua watoto wa wenyeji ikawatia katika skuli za bweni. Mwaka 1920 sheria ilitiwa nguvu ya kuwalazimisha wazazi wawatoe watoto wao. Huko mtoto aliadhibiwa kwa kusema lugha ya mamake. Wapatao 150,000 walipita katika skuli hizo, zaidi ya 3,000 wakafa humo, na wengi katika waliobaki waliharibiwa miili yao na watu wale wale waliowekwa kuwa walezi wao. Ya mwisho katika skuli hizo ilifungwa miaka ya 1990, yaani wakati ule ule mchezo huu ulipokuwa ukionyeshwa. Mtoto aliyetolewa kwa mzazi wake na miaka 6, asione mtu akimlea mwana, atajifunzia wapi ulezi? Naye akizaa, wanawe watalelewa na nani?

Na katika pombe pia sheria ilikuwa na ndimi mbili. Mwaka 1967, katika mji wa Yellowknife, mtu mmoja wa Kidene aitwaye Joseph Drybones alishitakiwa kwa kukutwa amelewa. Sheria aliyoshitakiwa kwayo ilimhusu Mhindi Mwekundu, kama walivyoitwa, aliyelewa nje ya ardhi aliyotengewa; Mzungu aliyelewa katika hoteli ile ile haikumgusa. Mahakama ya juu kabisa ya nchi ikaitangua sheria hiyo mwaka 1969. Hatusemi haya kumtetea mlevi. Ulevi ni haramu, na mwenye kulewa ana dhambi yake. Twasema kuwa mwenye kuonyesha ulevi wa watu akauficha mkono uliowasukuma ameonyesha nusu, na nusu ya kweli yaweza kuwa uongo kamili.

Hapa ndipo penye kipimo. Wenye kusoma wajua yaliyokuja katika Suratun-Nisaa, kwamba kutangaza maovu hadharani ni jambo lisilopendwa na Mwenyezi Mungu, na kwamba aliyedhulumiwa ametolewa katika katazo hilo. Aliyedhulumiwa ana haki ya kunena. Mpita njia hana haki ya kuifanya aibu ya mwenziwe kuwa bidhaa ya kuchuma fedha. Basi suali la kuulizwa si "Je, mna ubaya ndani yake?" tu, bali "Nani anena, na anena ili iwe nini?"

Katika mwezi wa Oktoba mwaka 1990 Phil Fontaine, aliyekuwa wakati huo kiongozi wa wakuu wa wenyeji wa Manitoba, alitokea mbele ya televisheni akaeleza kuwa yeye mwenyewe alifanyiwa uovu katika skuli ya bweni. Mtu mzima, mwenye cheo, akalisema la aibu mbele ya nchi nzima. Wengi waliokuwa wakilimeza jambo hilo kwa miaka nao wakaanza kusema. Miaka miwili baadaye mchezo wa Lynx River ukaanza, na majeraha ya skuli hizo yakatajwa ndani yake, mbele ya watu waliokuwa hawajapata kuyasikia yakitajwa sebuleni mwao. Tarehe 11 Juni 2008 waziri mkuu wa Kanada aliomba radhi bungeni, na mwaka 2015 tume iliyochunguza jambo hilo ikatoa ripoti yake. Hatudai kuwa mchezo wa televisheni ndio ulioleta hayo. Walioyaleta ni wale waliosimama wakashuhudia. Lakini kunyamaza hakungeleta hata moja.

Ndugu zetu, na tujisemee kweli. Sisi watu wa pwani twalipenda sana neno sitara, na sitara ni jambo tukufu. Lakini mara ngapi tumelivalisha neno hilo jambo lisilo lake? Sisi tunaoandika haya tuliketi zamani katika baraza moja ambamo mzazi alileta malalamiko juu ya mtu mzima aliyemgusa mtoto wake vibaya. Wakubwa wakasema, "Jambo hili lisitoke hapa." Halikutoka. Nasi tulikuwa humo, tukanyamaza pamoja nao. Aliyesitiriwa siku ile hakuwa mtoto.

Haya hayaondoi kasoro za mchezo wenyewe. Waliouanzisha, Wayne Grigsby na Barbara Samuels, hawakuwa wenyeji, ijapokuwa waandishi wa kienyeji kama Jordan Wheeler waliingia katika kazi. Mji wake ulijengwa Bragg Creek, katika Alberta, mbali sana kusini. Wakubwa wa waigizaji wake, kama Tina Keeper na Gordon Tootoosis, ni wa kabila la Cree, si Wadene. Ni kama mtu aigize maisha ya Lamu kwa watu wa mahali pengine. Mwenye Lamu atayaona makosa tangu salamu ya kwanza.

Na wapo waliolifahamu jambo hili mapema kuliko sisi. Katika kisiwa cha Igloolik, kwa Wainuit walio kaskazini zaidi, watu walipiga kura mara mbili, mwaka 1975 na 1979, wakaikataa televisheni kwa sababu haikuwa na neno hata moja la lugha yao. Waliikubali mwaka 1983, Wainuit walipokuwa wamekwisha kuwa na shirika lao la utangazaji. Hawakuwa wajinga wala hawakuwa wakiogopa mashine. Waliuliza kwanza ni nani atakayenena ndani ya nyumba zao.

Bwana muulizaji, jibu letu basi ni hili. Kwa yule wa miaka 9, ulifanya sawa kuzima. Mtoto wa umri huo huliona tendo wala haioni sababu yake, na kisa cha mtu kujiua si cha kuchezewa mbele yake. Hapa Kenya bodi ya filamu huweka alama za GE, PG, 16 na 18, nazo zafaa kuangaliwa, lakini alama hukwambia umri tu, haikwambii khabari yenyewe. Kwa yule wa miaka 17, usimwachie autazame peke yake usiku kwenye simu, maana kuzima sebuleni ndiko kutakakompeleka huko. Keti naye. Mweleze kwanza khabari za skuli zile, kisha mtazame sehemu moja, na mkimaliza mwulize ni nani katika mji ule aliyekosa, na ni nani aliyekosewa. Na mama watoto aliposema hamjajua kwa nini, suali lake lilikuwa la haki, nawe wamdai jibu.