Doa Jeupe Mezani: Dawa Si Ndimu

Likizo moja nilikuwa kwa shangazi yangu Mombasa. Kando ya mfereji, juu ya meza yake ya jikoni ya graniti, palikuwa na utando mweupe, mgumu kama gamba. Mimi, mwanafunzi wa Kemia, nikajigamba, "Shangazi, hii ni kazi ndogo." Nikakamulia ndimu. Utando ulitoka, lakini na mng'ao pia ukaenda! Shangazi hakunigombeza. Alisema tu, "Haya, nirudishie jiwe langu." Sikuweza.

Kosa langu lilikuwa nini? Maji ya visima vya Pwani hupita katika mawe ya matumbawe, nayo ni chokaa, yaani kalsiamu kaboneti. Maji ya mvua yenye kaboni dayoksaidi huiyeyusha. Hayo ndiyo maji magumu: sabuni haitoi povu upesi. Tone likikauka mezani, maji huenda, chokaa hubaki.

Asidi ya ndimu au siki hula chokaa. Graniti halisi haina chokaa nyingi, lakini asidi yaweza kuharibu dawa ya kuzuia maji iliyopakwa juu yake. Tena, mawe mengine huuzwa kwa jina la graniti na kumbe yana chokaa ndani. Marumaru na terazo ndiyo usiguse kabisa kwa ndimu!

Fanya hivi:

1. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha funika doa kwa kitambaa chenye maji ya moto kwa dakika 15.

2. Kwangua polepole kwa rula kuukuu ya plastiki, ukiwa umeilaza. Kisu na waya wa kusugulia sufuria, hapana.

3. Likikaidi, changanya vijiko 3 vya soda ya kuokea na kijiko 1 cha maji. Jaribu kwanza pembeni, pasipoonekana, kisha sugua doa kwa kitambaa laini.

4. Suuza na ukaushe.

Onyo: usichanganye asidi na dawa ya madoa yenye klorini. Gesi itokayo hudhuru mapafu.

Kinga ni bora kuliko tiba: kausha meza kila baada ya kuosha vyombo.

Zoezi: Kwa nini ndimu husafisha birika lakini huharibu terazo? Lete jibu mkutanoni.