Nilikuwa Nafunga kwa Ajili ya Nani?



Ndugu zangu wanafunzi, mwaka jana nilisifiwa sana kwa kufunga. Nilianza na Jumatatu na Alhamisi, nikaongeza Jumatano, mwisho nikafunga wiki nzima isipokuwa Ijumaa. Wenzangu bwenini walisema, "Maashaallah, dada huyu ana taqwa." Hawakujua kwamba kila nikimaliza Swala ya Alfajiri nilijipima kiuno kwa utepe wa fundi cherehani.

Yalianzia kwenye simu. Video zilinifundisha "kula kisafi": usiguse ugali, usiguse wali, kaa saa 16 bila kula. Nikaacha ugali, kisha ndizi, kisha maharage. Nikawa nafuturu kwa tango na chai isiyo na sukari. Nikila kipande cha mkate, najilaumu usiku kucha. Nywele zikaanza kukatika, hedhi ikakoma miezi mitatu, na darasani nasoma ukurasa mmoja mara nne bila kuelewa.

Siku moja nilikwenda kufuturu kwa mama mdogo, Buyenzi. Akanipakulia ugali wa muhogo na ndagala. Nikasema nimeshiba. Akanitazama mikono, akauliza taratibu, "Mwanangu, unafunga kwa ajili ya Mwenyezi Mungu au kwa ajili ya kioo?" Nililia mbele ya sahani.

Kula vizuri si kosa. Kupunguza soda, mafuta na sukari ni jambo jema. Lakini mwaka 1997 daktari wa Marekani, Steven Bratman, aliipa jina hali ya mtu ambaye hamu yake ya chakula safi imegeuka kifungo: othoreksia. Karibu nayo yapo maradhi ya anoreksia, ya kujinyima kwa kuogopa unene, na bulimia, ya kula kupita kiasi kisha kujitapisha. Anoreksia huweza kuua. Wavulana nao wamo, hasa wanaotafuta misuli.

Dini yetu ilishalizungumza hili. Abdullah bin Amr (r.a.) alikuwa kijana aliyefunga kila siku na kuswali usiku kucha. Mtume (s.a.w.) alimkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake, akamwelekeza afunge siku tatu kwa mwezi. Kijana akaomba zaidi, na zaidi, mpaka akaishia kwenye funga ya Nabii Daudi (a.s.): siku moja kufunga, siku moja kula. Alipozeeka alitamani angeikubali ile nafuu. Tazameni: yule nia yake ilikuwa safi, na bado alizuiwa. Sembuse mimi niliyefunga kwa ajili ya kiuno?

Basi kabla ya kufunga sunna, jiulize mambo matatu. Ningefunga leo kama funga isingepunguza hata gramu moja? Magharibi ikiingia, nafurahi au naogopa? Nikila kwa watu, nasema ukweli?

Majibu yakikutia wasiwasi, usijifiche nyuma ya ibada. Mwambie mtu unayemwamini, kisha muone daktari. Hapa Bujumbura, Kamenge ipo hospitali ya chuo kikuu, na pia kipo kituo cha maradhi ya akili, CNPK. Kwenda huko si upungufu wa imani. Hata Ramadhani, Qur'ani (2:184) imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine.

Nasi tunaowatazama wenzetu, tupunguze kusifia wembamba. Kila nilipoambiwa "umependeza, umepungua," nilikata tonge jingine.

Mimi daktari alinisimamisha funga za sunna kwa muda. Siku za mwanzo nilihisi nimepoteza ibada yangu. Sasa nasema Bismillahi, nakula maharage yangu, na nanuia kupata nguvu za kusoma na kuswali. Mama mdogo anasema hiyo nayo ni ibada.

Mwenyezi Mungu atutakasie nia zetu na atuhifadhie miili aliyotupa amana. Aamin.