Dondoo muhimu: Hesabu za umeme kabla ya kuchomeka

Uwe na pasi nyumbani au taa ya kuvulia dagaa ziwani, kanuni ni mbili tu:

Ukinzani (omu) = volti ÷ ampea
Nguvu (wati) = volti × ampea

• Pasi. Umeme wa TANESCO ni volti 230. Pasi ikivuta ampea 5, ukinzani wake ni 230 ÷ 5 = omu 46, na nguvu ni 230 × 5 = wati 1,150. Ukiiwasha saa nzima mfululizo, mita ya LUKU inakata uniti (kilowati-saa) 1.15.

• Umeme ukipungua. Ukinzani wa pasi haubadiliki sana. Volti zikishuka hadi 200, mkondo wa umeme unakuwa 200 ÷ 46, yaani ampea 4.35 hivi, na nguvu inashuka hadi wati 870 hivi. Ndiyo maana nguo hazinyooki upesi.

• Taa ya betri. Taa ya wati 24 kwenye betri ya volti 12 inavuta ampea 2. Betri ya ampea-saa 70 ingeiwasha saa 35, lakini usiimalize: ishia nusu, kama saa 17, ili idumu.

• Soketi. Plagi ya ampea 13 inabeba hadi wati 2,990 (230 × 13). Jumlisha wati za vifaa vyote kabla ya kuvichomeka kwenye ekstensheni moja, zisizidi hapo.

• Usalama. Chomoa kifaa kwanza ndipo upime omu. Fyuzi ikiungua, weka ya ampea zilezile, usifunge waya.