Nambari za Karibu: Wapi Zinasaidia, Wapi Zinaumiza

Katika somo hili tutajifunza kukadiria nambari, yaani kuchukua nambari yenye mkia mrefu na kuiweka kwenye kumi, mia au elfu iliyo karibu nayo. Wengine wenu mtasema hiyo ni hesabu ya watoto wa shule. Ni kweli, lakini kuna vikundi ambavyo hugombana juu ya jambo hili hili, bila mtu hata mmoja kuiba.

Sote tunakadiria kila siku. Mtu akinunua gunia la mahindi kwa 3,870 kisha aulizwe bei, atajibu "elfu nne hivi", na hajadanganya. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 nchini Kenya, lakini anayezungumza barazani husema milioni 47.6, ama milioni 48 tu, nasi tunamwelewa. Nambari fupi hukaa kichwani, ndefu hubaki kwenye karatasi.

Kanuni yenyewe ni hii. Chukua 647. Ukitaka kuiweka kwenye makumi, angalia tarakimu ya mwisho, ile 7. Ikiwa ni 5 au zaidi, unapanda. Ikiwa ni 4 au chini yake, unashuka. Kwa hiyo 647 inakuwa 650. Ukitaka mamia, angalia tarakimu ya makumi, ile 4, nawe unashuka hadi 600. Ni kama mtu aliyekutwa na mvua kati ya vituo viwili vya matatu: hukimbilia kile kilicho karibu. Kutoka 647 kurudi 600 ni hatua 47, lakini kwenda 700 ni hatua 53.

Hapa wengi hukosea kwa kukadiria mara mbili. Wanaifanya 647 kuwa 650, halafu ile 650 wanaipandisha kuwa 700. Hiyo sio sawa. Rudi kila mara kwenye nambari ya kwanza.

Faida kubwa ya kukadiria ni kukagua. Tuseme mmemtuma katibu mjini kununua vitu vya mradi wa kuku. Analeta risiti: chakula 2,930, dawa 615, vyombo vya maji 1,480, waya 3,190, na chini imeandikwa jumla 9,215. Hamhitaji kalkuleta. 2,900 na 600 ni 3,500. Ongeza 1,500, mmefika 5,000. Ongeza 3,200, ni 8,200. Mbona risiti inasema elfu tisa na zaidi? Sasa ndio mnakaa chini mjumlishe polepole, na mtapata 8,215. Muuzaji alikosea kujumlisha, basi. Bila makadirio hiyo elfu moja ingekwenda, na pengine katibu angelaumiwa bure. Hesabu hii ya kichwa hata mama asiyejua kuandika anaiweza, na mara nyingi huwashinda wenye kalamu.

Lakini ile kanuni ya 5 haifai kila mahali. Wanachama 45 wanasafiri kwenda kuona shamba la wenzao, na matatu moja inabeba watu 14. Ukigawanya unapata 3.2. Kwa kanuni ya shule, kodi matatu 3, na watu watatu watabaki kando ya barabara. Hapo ni lazima mpande hadi 4. Mabati pia ni hivyo: fundi akipima akasema 37 na kidogo, nunueni 38, kwa sababu hicho kidogo ndicho kitakachovuja.

Kwa upande wa pesa iliyo mkononi, mambo yanageuka. Mna shilingi 10,000 na kifaranga kimoja ni 130. Ukigawanya unapata 76.9, nawe unataka kusema 77. Lakini 77 ni shilingi 10,010. Mtapata 76, isipokuwa mwenye kuuza awe jirani mwenye moyo. Ndiyo sababu katika bajeti tunashauri hivi: mapato yashusheni kidogo, matumizi yapandisheni kidogo.

Sasa tuje kwa linalouma zaidi, yaani kukadiria kwa upande mmoja tu. Mahali pa kupokea maziwa, karani anaona 6.4 anaandika 6. Anaona 8.7 anaandika 8, ingawa kanuni inataka 9. Mwenye maziwa hasemi kitu, maana ni kidogo. Haya, tuhesabu. Watu 25 wakikatwa kila mmoja 0.4 ya lita, hizo ni lita 10 kwa siku. Tuseme lita ni shilingi 50: ni 500 kwa siku, na 15,000 kwa siku 30. Hayo maziwa hayakumwagika. Yamo ndani ya mkebe na yatauzwa. Yamepoteza tu jina la mwenyewe. Kama karani angefuata kanuni, leo ungepoteza kidogo, kesho ungeongezewa, na mwisho wa mwezi mngekaribia kuwa sawa. Lakini lililo bora kuliko yote ni kuandika pointi kama mizani inavyoonyesha. Mkiona kukadiria kunamfaa mtu yule yule kila siku, ulizeni.

Kugawana faida nako kuna mtego. Wanachama 23 wana faida ya 15,000. Kila mmoja anastahili 652 na senti kidogo. Mtu akisema kwa furaha, "Ifanye mia saba tu," mtahitaji 16,100, na sanduku lina upungufu wa 1,100. Mkitoa 650, mnatumia 14,950 na 50 zinabaki. Tunapenda hiyo ya pili, lakini hizo 50 ziandikwe kitabuni siku hiyo hiyo, mbele ya wote, kuwa ni za kikundi. Leja haina "hivi" wala "karibu". Ndani yake huingia kile kilichotoka na kile kilichopokelewa, hadi shilingi ya mwisho.

Zoezi la mkutano ujao: kikundi kimevuna kilo 1,000 za mahindi, na gunia linajaa kwa kilo 90. Mnunue magunia matupu mangapi? Na mtamwahidi mnunuzi magunia mangapi yaliyojaa? Jadilianeni kwanza kabla ya kusoma jibu.

Jibu: 1,000 ukigawanya kwa 90 ni 11.1. Nunueni magunia 12, lakini ahidini 11. Zile kilo 10 zilizobaki ndizo zinazolala katika gunia la kumi na mbili.